Magwanda Kumi na Saba

Kwenye rafu ya juu ya banda langu la ushonaji, nyuma ya mabaki ya vitenge na kola zilizokatwa zikasahaulika, kulikuwa na mfuko wa sandarusi ambao sikuufungua kwa zaidi ya miaka mitatu. Ndani yake kulikuwa na magwanda 17 ya kaki, sare ya CHADEMA: mifuko minne kila moja, vipande vya mabegani, mshono wa pande mbili kila mahali. Nilishona vizuri, na nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani kuna mteja aliagiza akanikimbia. Hakuna aliyeniagiza. Niliyakata mwenyewe, usiku, Septemba 2015, kwa kitambaa nilichonunua kwa hela ya ada ya mtoto. Nilikuwa na hakika kwamba baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 25 Oktoba watu watajaa mlangoni wakiyatafuta ya kuvaa kwenye kusherehekea ushindi.

Mimi ni fundi cherehani. Siasa ilinikuta nimekaa kwenye kiti changu, mguu kwenye pedeli, redio ukutani. Banda la fundi ni kijiwe. Mtu analeta suruali ikunjwe upindo, kazi ya dakika kumi, anakaa saa mbili. Enzi zile Bunge lilikuwa linarushwa moja kwa moja, na kijiwe chetu kilijaa kuliko wakati wa mpira. Orodha ya mafisadi iliposomwa kwenye viwanja vya Mwembe Yanga Septemba 2007, nilikuwepo. Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, nilifunga banda mapema nikazunguka mtaani kupeana mikono na watu kama niliyefunga ndoa. Mwaka 2010 nilimpigia kura ya urais Dk. Slaa wa CHADEMA, akapata asilimia 27, nikaona bado kidogo tu.

Utamu wake nisiufiche. Fundi huitwa zipu inapokatika. Kamanda, kama tulivyoitana ndani ya CHADEMA, huitwa kwenye kikao, anapewa nafasi ya kusema, watu wazima wanamsikiliza. Mtu niliyemshonea suruali miaka mitano bila kujua jina langu alianza kuniita kamanda barabarani, na nakiri kwamba mgongo ulinyooka. Anayesema ushabiki wa siasa ni ujinga mtupu hajawahi kuwa mtu asiyeulizwa maoni.

Upande wa pili alikuwepo kaka yangu. Ni fundi magari, amenizidi miaka tisa, na baada ya baba kufariki ndiye aliyeninunulia cherehani yangu ya kwanza. Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa CCM, na ubalozi wake aliufanya kwa moyo. Kwa miaka mingi tofauti yetu ilikuwa utani. Mimi nikimwita gamba, yeye akiniita nyumbu, tunacheka, tunakula sahani moja. Mke wangu alikuwa akisema akitusikia tumenyamaza ndipo ataogopa.

Halafu ukaja Julai 2015.

Sijui kama waliokuwa wadogo wakati ule wanaelewa jinsi mwezi ule ulivyotupindua. Ndani ya CCM kaka alikuwa mtu wa Lowassa, tena wa damu. Alikuwa ameshaanza kupanga jinsi mtaa utakavyopambwa. Jina lilipokatwa Dodoma katikati ya mwezi, na John Magufuli akapitishwa, kaka hakufungua gereji siku mbili. Nilimcheka. Tarehe 28, Jumanne, Lowassa akajiunga na CHADEMA, akawa mgombea wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, na wakubwa wetu wakatuambia gia imebadilishwa angani. Zamu ya kunyamaza ikawa yangu.

Kwa miaka minane, kila mteja aliyekaa kwenye benchi langu nilimweleza habari za orodha ile. Niliijua kwa mpangilio. Sasa jina moja kwenye orodha ndilo nililotakiwa kulipigia kampeni. Mwenyewe siku zote alikana kuwa na kosa, na huenda mimi ndiye niliyekuwa nimemhukumu haraka, sijui, lakini huwezi kukaa na hukumu kifuani miaka minane kisha ukaitoa kwa siku moja bila kuacha tundu. Nilikaa siku tatu nikishona bila redio. Siku ya nne nikawasha redio na nikawa na kelele kuliko nilivyowahi kuwa maishani.

Hilo nililielewa baadaye sana: mtu anayetetea jambo ambalo hajaridhika nalo hana sauti ya chini. Nilipokuwa na uhakika, niliweza kutaniana. Nilipopoteza uhakika, nikawa mkali.

Na kaka naye hivyohivyo. Kufikia katikati ya Agosti alikuwa akimwita Lowassa majina niliyomfundisha mimi, kwa mpangilio uleule wa orodha niliyomkaririsha mimi, naye akanisikia nikitoa sifa ambazo mwaka mmoja nyuma alizitoa yeye akiwa amekaa juu ya tairi gerejini. Tulibadilishana maneno kama watu wanaobadilishana mashati. Ungedhani tungecheka. Kila mmoja alikuwa anasikia aibu yake mwenyewe ikitoka kwenye mdomo wa ndugu yake, na hiyo haichekeshi.

Nimepimwa presha kwa mara ya kwanza mwaka 2013, nikakutwa nayo. Daktari aliipima siku tatu tofauti kabla ya kuniambia, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi, mtu anaweza kuwa amepandisha ngazi tu. Ilikuwa ikicheza kwenye 160 kwa 100, na mpaka wenyewe ni 140 kwa 90. Akaniandikia amlodipine, kidonge kimoja kila siku, nipunguze chumvi, niache sigara. Sigara nilipunguza. Kidonge nilikimeza mwaka mmoja na nusu bila kukosa.

Msimu wa kampeni nilikiacha. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Kidonge nilikuwa nakimeza usiku kabla ya kulala, na nilikuwa silali. Isitoshe kilikuwa kinanivimbisha miguu, jambo ambalo dawa ile hulifanya kwa baadhi ya watu, na mtu wa kutembea kwenye mikutano hataki viatu vinavyobana. Na nilikuwa najisikia mzima. Presha ina ubaya huo, haina maumivu ya kukukumbusha. Ningekuwa na jino bovu ningekwenda hospitali hata kama viwanja vya Jangwani kuna mkutano.

Siku zangu zilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri simu mkononi, magrupu manne ya WhatsApp, ujumbe zaidi ya mia tatu uliolala humo. Nasoma, najibu, naforwadi. Vingine niliforwadi bila kusoma mpaka mwisho. Banda nafungua saa nne badala ya saa moja. Mchana kijiwe, jioni kikao, usiku kubandika mabango, halafu narudi kwenye simu hadi saa nane. Kahawa na sigara vikiwa ndiyo chakula. Tarehe 29 Agosti, UKAWA walipozindua kampeni Jangwani, nilisimama juani zaidi ya saa sita bila kunywa maji, kwa kuwa ukitoka kutafuta maji unapoteza nafasi. Hotuba yenyewe ya mgombea ilikuwa fupi, na nilipo mimi spika zilikuwa zinakoroma. Nilirudi nyumbani sauti imekwisha, nikamwambia mke wangu ilikuwa siku bora ya maisha yangu. Akaniangalia. Tuna watoto watatu, alizaa mmoja kwa upasuaji, na mimi nasimama mlangoni namwambia hivyo.

Siku tatu baadaye Dk. Slaa alijitokeza mbele ya waandishi wa habari kueleza kwa nini anaachana na siasa za vyama. Mtu niliyempenda kuliko wanasiasa wote. Nilizima televisheni katikati ya sentensi yake. Mtoto wangu wa kati, wa kike, darasa la pili wakati huo, akauliza, "Baba, si huyu ndiye yule wa kwenye kalenda?" Nilikwenda nikaitoa kalenda ukutani, pale palipokuwa na msumari pakabaki doa jeupe la mstatili, na doa hilo lipo mpaka leo kwa sababu hatujapaka rangi.

Mke wangu hakuwa na chama. Watu hupenda kudhani alikuwa upande wa pili, hapana. Alikuwa na kitabu cha madeni. Wateja walioleta nguo za harusi wakaenda kwa fundi mwingine, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea simu zao. Alianza kuhamia chumba cha watoto kwa sababu ya mwanga wa simu, mara moja kwa wiki, kisha kila siku. Usiku mmoja nilimkuta amekaa gizani sebuleni. Nikamuuliza vipi. Akasema kwa upole kabisa, "Baba watoto, mimi niliolewa na fundi. Sikuolewa na mkutano." Nikamjibu kwamba hayo ninayofanya ni kwa ajili ya watoto hao hao waliolala. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu siku zile. Ada ya mkubwa wetu, kidato cha pili, ilikuwa imeshakuwa kaki, naye alikuwa bado hajajua.

Jambo la mtoto na shikamoo lilitokea Septemba. Kaka alipita nyumbani, jambo ambalo lilikuwa limeshakuwa adimu, kuzungumzia habari za mama. Binti alikuwa anacheza mlangoni. Kwa kawaida angemkimbilia, maana baba mkubwa hakosi pipi. Akasimama, mikono nyuma, akamwangalia tu. Mama yake akamwambia, "Msalimie baba mkubwa." Mtoto akasema, "Baba amesema yeye ni mwizi wa nchi."

Kaka hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye, si wakati ule. Aliinama, akiwa na fulana yake ya kijani, akampa mkono mwenyewe, akamwambia, "Hujambo, mwanangu." Mtoto akanitazama mimi kama anayeomba ruhusa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona mshindi.

Kuhusu mama. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na upasuaji wa jicho la kwanza ulitakiwa ufanyike mwezi ule. Tulikwenda wote watatu, mimi, kaka na dada yetu, kukaa naye tupange nani anatoa nini. Kazi ya nusu saa. Dada alikuwa ameshaandika hesabu kwenye karatasi. Nani alianza sikumbuki. Nadhani kaka alisema kitu kuhusu hospitali na serikali, mimi nikasema kama serikali ingekuwa na maana tusingechangishana, yeye akasema mgombea wangu alikuwa waziri mkuu, alifanya nini, mimi nikasema wewe ndiye uliyekuwa unamwimba. Tukasimama. Tukanyoosheana vidole juu ya kitanda cha mama. Dada analia, anasema jamani, jamani. Mama alikuwa haoni vizuri nyuso zetu, anasikia sauti tu, na sauti zetu zinafanana, watu wamesema hivyo tangu tukiwa vijana. Aliivuta khanga taratibu mpaka ikafunika kichwa chote, akageukia ukutani. Tuliendelea, nadhani, kama dakika tano zaidi, kabla ya mmoja wetu kuona kwamba tunamgombania mtu aliyejifunika.

Upasuaji ukafanyika Februari. Miezi mitano mama alikaa na giza ambalo lilikuwa na tiba, kwa sababu wanawe hawakuweza kukaa chumba kimoja. Hela zenyewe hatukupeana mkononi. Dada akawa posta, anachukua kwangu, anachukua kwa kaka, anapeleka.

Siku ya kupiga kura ilikuwa Jumapili. Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua siku mbili nyuma kwamba ukimaliza kupiga kura ondoka, hakuna kukaa ndani ya mita 200. Sisi tulikuwa tumejiapiza kulinda kura. Basi nikahesabu hatua mimi mwenyewe, na ukiwa fundi unaamini vipimo vyako, nikakaa chini ya ukuta wa mtu kwenye kile nilichoona ni mita 210, tangu asubuhi hadi usiku, na chupa ya kahawa. Nilikuwa nalinda nini, sijui. Mawakala wa vyama walikuwa ndani, kura zinahesabiwa kituoni na matokeo yanabandikwa palepale. Kuna watu waliofanya kazi ya maana siku ile, mimi sikuwa mmoja wao. Nilikuwa mtu aliyekaa chini ya ukuta.

Siku nne zilizofuata matokeo yalikuwa yakitolewa majimbo machache machache kwa siku, na mimi na kijana mmoja tulikuwa tunajumlisha kwenye daftari la vipimo vya wateja. Kwenye ukurasa mmoja kuna kiuno cha mama fulani, kifua, urefu wa gauni, halafu chini yake kura za majimbo. Sikulala zaidi ya saa mbili kwa usiku. Alhamisi tarehe 29 Tume ikatangaza: Magufuli kura 8,882,935, Lowassa 6,072,848. Asilimia 58 kwa 40. Nikafunga daftari, nikasema ngoja nifanye kazi.

Kulikuwa na shati la mteja la kubadilisha kola. Nikachukua uzi, nikaulamba, nikaelekeza kwenye sindano. Haukuingia. Nikalamba tena. Nimetunga uzi kwenye sindano tangu nina miaka 16, natunga gizani, natunga nikiongea na mtu. Nikaona matundu mawili pembeni kwa pembeni, yanatikisika, na kisogo kinagonga kama kuna mtu anapigilia msumari kwa ndani. Nikaendelea kujaribu. Hilo nalo sijui nilieleze vipi, niliendelea kujaribu labda robo saa, kwa hasira, kana kwamba sindano nayo ni ya chama kile kingine. Mke wangu alinikuta nimeshika uzi hewani.

Hospitali waliniweka kwenye kiti, wakanivisha mkanda wa kipimo. Mashine ikavuta, ikakataa. Ikavuta tena. Muuguzi, binti mdogo tu, akaniambia, "Baba, nyamaza kwanza. Ukiongea inapanda." Sikuwa nimejua kwamba naongea. Nilikuwa namweleza habari za kura. "Miguu chini, usikunje nne, mkono hapa mezani, nyamaza." Nikanyamaza. Nadhani zilikuwa dakika tano za kwanza za kunyamaza tangu Julai. Ikasoma 198 kwa 118.

Nililazwa siku tatu. Wakapima figo, wakapima moyo kwa ile mashine ya nyaya, wakaniambia nina bahati, hakuna kilichoharibika sana. Daktari alipouliza dawa mara ya mwisho nilikunywa lini, nikaanza kumweleza kuhusu kampeni, akanikatiza. Alisema siasa haikunipa presha, presha nilikuwa nayo kabla. Nilichojinyima ni usingizi, chakula na kidonge, na vyote vitatu vilikuwa nyumbani. Sikumpenda daktari yule. Nilitaka aniambie nimeumia vitani.

Kaka alikuja siku ya pili. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakuvaa kijani, alivaa ovaroli lenye mafuta. Bega lake moja lilikuwa chini kuliko lingine. Nilikuja kujua kwa shemeji kwamba wakati wa kampeni, mgombea wao alipopiga pushapu jukwaani, na yeye alipiga gerejini mbele ya vijana wake, mtu wa miaka 54, bega likachomoka. Aliniwekea matunda mezani, akasema pole, nikasema asante, akaondoka. Hatukusemezana tena kwa zaidi ya miaka mitatu. Watu hudhani hospitali hupatanisha. Sisi haikutupatanisha, nilikuwa bado naona amekuja kunitazama nimeshindwa.

Nyumbani ilikuwa kazi ya polepole na haina simulizi kubwa. Nilimweleza mke wangu habari ya ada siku ya tano. Hakupiga kelele. Alikopa kwenye kikoba chao, akalipa, akaandika kwenye kitabu cha madeni jina langu, kama mteja, na nilimlipa kidogo kidogo mpaka likafutwa. Januari 2016 serikali mpya ikaondoa ada kwa shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne. Serikali niliyoapa kwamba ikiingia tumekwisha. Mke wangu alisoma habari ile kwa sauti, akakunja gazeti, hakuongeza neno. Alirudi chumbani kwetu mwezi wa tatu, baada ya simu kuanza kulala sebuleni. Ndiyo makubaliano mpaka leo, simu inalala sebuleni, kidonge kipo kwenye kikombe cha mswaki, nakimeza asubuhi. Ile ya kuvimbisha miguu nilibadilishiwa. Ilikuwa ni kusema tu.

Mwezi uleule wa Januari Bunge lilianza kukatwa kwenye matangazo ya moja kwa moja, na katikati ya mwaka mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, kuja kuruhusiwa tena Januari 2023. Niliona ni makosa na bado naona hivyo. Ila nitasema ukweli wangu wote: kijiwe kilipokosa cha kusikiliza, presha yangu ilishuka hadi 134 kwa 86, nikawa napata usingizi. Sipendi mambo hayo mawili yakae pamoja, lakini yalikaa.

Tarehe 1 Machi 2019, Ijumaa, nilikuwa nashona gauni la send-off. Redio ikasema Lowassa yuko Lumumba, ofisi za CCM, amepokewa na Rais Magufuli, amerudi nyumbani. Niliinua mguu kwenye pedeli. Picha zikaja kwenye simu jioni: wamekaa, wanacheka, wanapeana mikono. Watu wawili waliogombea nchi nzima, mmoja akamshinda mwenzake kwa kura milioni mbili na laki nane, wanacheka. Na sikuwa na hasira nao, nilitafuta hasira sikuipata. Walikuwa wameacha mlango wazi kati yao muda wote ule. Mimi na kaka, ambao tunaishi mtaa mmoja, nyumba ya sita na ya kumi na moja, mlango tulipigilia misumari, na hakuna aliyetutuma kupigilia. Hakuna kiongozi aliyewahi kuniambia nisimsalimie kaka yangu. Hakuna aliyeniomba ada ya mwanangu, wala nisilale. Niliwanyima waliokuwa wananiomba vitu vidogo, nikawapa wasioniomba chochote.

Jumatatu yake kaka aliingia bandani. "Shikamoo, kaka," nikasema, na ilitoka vizuri. Akaitikia, akakaa kwenye benchi, akaangalia kuta. Akasema anataka ovaroli tatu, zake na za vijana wake wawili, kitambaa kigumu. Nikamwambia kitambaa kipo. Nikapanda juu ya stuli, nikaushusha mfuko wa sandarusi, vumbi likatuingia wote puani. Alipoona ni nini alitazama magwanda yale kwa muda, akahesabu kwa kidole. "Kumi na saba?" "Kumi na saba." Akaguna. Akatoa moja, akalipima kwenye kifua chake, akasema mshono mzuri lakini mifuko mikubwa mno, mtu ataweka nini humo. Nikamwambia wewe simama nikupime. Bega lake la kulia bado liko chini, ilibidi nikate upande ule tofauti. Niliyafumua yote 17 wiki ile. Zilitoka ovaroli tatu, aproni za mama lishe wa kona, na mfuko mmoja wa shule.

Mwaka 2020 nilipiga kura, nikarudi kazini kabla ya saa tano.

Tarehe 10 Februari 2024, Jumamosi mchana, redio ikakatisha muziki. Makamu wa Rais anatangaza kifo cha Edward Lowassa, akataja na maradhi aliyokuwa akitibiwa, shinikizo la damu likiwemo. Kabla tangazo halijaisha simu ikaita. Ni kaka.

"Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Akakaa kimya. Nikasikia spana ikidondoka huko gerejini kwake.

"Na kidonge leo umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe ulikwenda kupima?"

"Jumatatu," akasema.

"Ulisema Jumatatu wiki iliyopita."

"Basi nipitie asubuhi, twende wote."